Kibao cha Nyuma ya Mlango

Karakana ya Hashimu pale Gerezani ilikuwa mabati machache na nguzo nne, na mtu akiipita haraka angedhani ni banda la kuku. Lakini mle ndani kulikuwa na ubao ambao mafundi wa mtaa mzima walikuja kuutazama, wengine kwa kucheka, wengine kwa wivu uliojificha ndani ya kicheko. Hashimu alikuwa amechora umbo la kila spana kwa rangi nyekundu, na la kila bisibisi, na la koleo, na la nyundo zote tatu. Ukitoa spana namba kumi na tatu, umbo lake linabaki pale likikukodolea macho mpaka uirudishe. Jioni haondoki mtu mpaka Hashimu aulize, "Ubao umejaa?" na mwenzake Beno ajibu, "Umejaa."

Ubao huo ulikuwa na sheria yake. Umbo likiwa tupu wakati wa kazi, hakuna anayeuliza wala kutafuta. Spana ipo kazini, basi. Iko mkononi mwa mtu anayejua anachokifanya, na ukianza kumwita na kumuuliza unamvurugia. Hashimu aliishika sheria hiyo kwa miaka ishirini na haikuwahi kumwangusha.

Siti, binti yake wa pekee, alikuwa kidato cha tatu, na kwa habari ya kupanga vitu ungesema wamembadilisha wodini. Begi lake ukilifungua unakutana na daftari la kemia lililojikunja, soksi moja, ganda la ndizi la juzi, na karatasi ya mtihani wa mwezi uliopita ambayo mzazi alitakiwa aisaini. Akili alikuwa nazo, tena za kutosha. Lakini kila asubuhi pale kwao Mchafukoge, katika vyumba vyao viwili vya kupanga ghorofa ya pili, kulikuwa na sokomoko: tai iko wapi, kiatu kingine kiko wapi, nani kaona kalamu yangu. Mama yake, Najma, aligombeza mpaka sauti ikamkauka. Baba hakugombeza. Alichukua kipande cha mbao, akakipigilia nyuma ya mlango wa sebuleni, akachora juu yake umbo la funguo, la mkasi, la tochi, na la kitambulisho cha shule cha Siti, kila kimoja na msumari wake.

Siti alikicheka kile kibao. Alisema nyumba yao sasa imekuwa gereji. Baba yake naye alicheka, na kitambulisho kikaendelea kulala popote kilipoangukia.

Mwaka huohuo moyo wa Hashimu ukaanza kumsumbua. Akipanda ngazi za nyumbani anapumzika mara mbili, na Beno ndiye aliyekuwa akibeba giaboksi peke yake. Daktari alimweleza kwamba mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Hashimu alielewa kabla daktari hajamaliza, maana vali zisizofunga ndizo zilizomlisha maisha yake yote. Akaambiwa kuna mabingwa watakaokuja kwa siku moja tu, Jumanne ya tarehe kumi na mbili Novemba, wamwone na waamue kama atafanyiwa upasuaji. Tarehe hiyo ikaandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Hashimu akafika nyumbani, akaitia kadi kwenye mfuko wa plastiki, akachora mstatili mwekundu kwenye kibao, akaitundika. Hakuikariri tarehe. Hakuwa na kawaida ya kukariri kitu ambacho kina mahali pake, na wa nyumbani wakamwachia yeye na kibao chake.

Sasa hapa ndipo pananiuma mimi ninayesimulia, kwa sababu kilichofuata hakikuanza na uzembe. Kilianza na juhudi. Mwalimu Melkiori, mwalimu wa taaluma wa shule yao, aliwaambia wanafunzi wa kidato cha tatu kwamba kidato cha nne kinabisha hodi, na mtu asiyejipanga mtihani wa taifa utampanga. Akamtaka kila mmoja anunue dayari, aandike kila tarehe yenye uzito, ya shule na ya nyumbani. Siti aliguswa na maneno yale. Aliinunua dayari yake Kariakoo kwa wale wanaotandaza madaftari chini, yenye jalada la buluu, na Jumapili mchana akakaa kitandani, akaandika jina lake ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wa kupendeza. Akajiuliza tarehe yenye uzito kuliko zote nyumbani ni ipi. Akainuka, akaenda kuitoa kadi ya baba kwenye msumari ili ainakili.

Jumamosi iliyotangulia, mama alikuwa ameichukua kadi hiyohiyo kwenda nayo duka la dawa, akairudisha. Hilo mlikumbuke.

Siti alikuwa bado hajafungua ukurasa wa Novemba aliposikia Hinal anamwita kutoka chini. Hinal alikuwa anasoma naye, mtoto wa Harshida mwenye duka la vitambaa pale pembeni, na siku hiyo alikuwa amepewa ruhusa ya kutoka, jambo ambalo kwao halikuwa la kila wiki. Siti alishika kadi mkononi, akatazama huku na huku, akaichomeka ndani ya daftari la fizikia isije ikapotea. Isije ikapotea. Ndivyo alivyojiambia, na alikuwa na nia njema kabisa. Akateremka ngazi mbilimbili, wakaenda kula mihogo ya kukaanga, wakacheka mpaka saa kumi na moja jioni. Kesho yake mwalimu wa fizikia hakuja shule, wala keshokutwa, na wiki nzima daftari lile halikufunguliwa.

Jumatatu asubuhi Hashimu aliufunga mlango akauona mstatili mtupu. Akaona kadi ipo kazini. Pengine mama Siti kaenda nayo tena duka la dawa, pengine kuna mtu anaitolea nakala. Hakuuliza. Jumanne asubuhi akauona tena ni mtupu, akavaa ovaroli lake akaenda Gerezani, akashinda pale akifungua injini, na mabingwa wakawaona wagonjwa wao wakamaliza, wakaondoka.

Alhamisi ndipo alipouliza. Nyumba ikapinduliwa, magodoro yakainuliwa, na Siti akatafuta pamoja nao kwa bidii, kwa sababu Mungu shahidi alikuwa amesahau kabisa. Kichwa chake kilikuwa kimejaa Hinal na mihogo. Mama alisimama katikati ya sebule akiwa ameshika kiuno, akajaribu kukumbuka safari yake ya duka la dawa hatua kwa hatua, na kila alipofika kwenye kuirudisha kadi alijiona akiirudisha, lakini hakuweza kuapa. Ijumaa Hashimu alikwenda hospitali bila kadi. Akaambiwa siku yake ilikuwa Jumanne, na kwamba mabingwa watarudi baada ya wiki sita. Akapewa kadi mpya.

Alirudi nyumbani akaketi kwenye kochi. Miaka yote ya ndoa yao alimwita mkewe Mama Siti. Siku ile alimwita jina lake.

"Najma," alisema, "hata kadi?"

Hakulirudia tena. Mama alijibu kwa sauti ndogo kwamba ni yeye, aliichukua kwenda duka la dawa, amsamehe. Siti alikuwepo, amesimama mlangoni mwa chumba, na alimwonea mama yake huruma kama mtu anavyomwonea huruma mwenye kosa.

Jumamosi akafungua daftari la fizikia.

Siwezi kumtetea, lakini naweza kueleza. Kadi ilimwangukia mapajani. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kukimbia sebuleni na kusema. La pili lilikuwa kwamba sebuleni kumeshatulia. Baba alikuwa anasikiliza mpira redioni, mama anashona pindo za madera ya watu, tarehe mpya imetundikwa nyuma ya mlango, na kosa lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe. Akisema sasa ataamsha upya kilicholala. Atasema baba akishaonwa na mabingwa, akishapona, wakati huo litakuwa jambo la kuchekea. Akaichukua kadi ya zamani, akaitia kati ya jalada la dayari na karatasi yake.

Hashimu alianguka karakanani siku ya Jumatano, tarehe kumi na moja Desemba, baada ya sala ya alasiri, siku kumi na tatu kabla ya tarehe yake mpya. Beno aliwasimulia kwamba alikuwa ananyoosha mkono kurudisha spana kwenye ubao. Alikufa kabla ya kufikishwa hospitali.

Ndugu walijaa ghorofani mpaka kwenye ngazi. Harshida alileta chai ya maziwa na kufungua duka lake ili wageni wapate pa kukaa. Na katikati ya msiba, shangazi wa Siti aishiye Jangwani, dada wa marehemu, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akasema mbele ya wanawake wote kwamba kaka yake angekuwa hai kama mkewe angejua kutunza kikaratasi. Wanawake wakainamisha vichwa. Najma, ndani ya nguo zake za eda, akajibu, "Ni kweli, wifi." Siti alikuwa amekaa ubavuni mwake, mapaja yao yamegusana.

Hakuna anayejua kama mabingwa wale wangemwokoa. Huenda wangemwona na bado akafa. Siti alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara alijibiwa na nafsi yake kwamba huenda pia angekuwa sebuleni anasikiliza mpira.

Kuanzia Januari, Siti akawa mtu mwingine. Walimu walishangaa. Kila daftari lake lilikuwa na jalada la rangi yake, fizikia jekundu, kemia kijani, na ndani ya kila moja kazi ya jana na ya leo zimetenganishwa kwa mstari. Begi alilipanga kabla ya magharibi na kulikagua mara mbili. Jumapili alilimwaga lote kitandani, akalifuta kwa kitambaa, akalirudishia kitu kimoja kimoja. Tarehe akiisikia aliiandika palepale, hata kama amesimama barabarani Msimbazi watu wanampiga vikumbo. Alinunua faili lenye mifuko sita, na mfuko wa sita, ambao haukuwa na jina, ndimo ilimohamia kadi. Kitambulisho chake cha shule hakikukosekana tena kwenye msumari wake hata siku moja. Mtihani wa katikati ya mwaka akawa wa kwanza darasani, na watu wakasema msiba umemkomaza. Watu husema lolote.

Kilichokuwa kikimsukuma hakikuwa kukomaa. Ilikuwa hofu. Alikuwa anaamini kwamba karatasi moja ikimponyoka tena, kuna mtu atakufa.

Mwezi Agosti Mwalimu Melkiori alimwita ofisini. Alimwambia kwamba Jumamosi kuna kikao cha wazazi, na angependa Siti asimame dakika kumi awaeleze wadogo zake wa kidato cha kwanza, mbele ya wazazi wao, jinsi mwanafunzi anavyojijengea tabia ya kujipanga. Alimwambia pia kwamba marehemu baba yake angejivunia. Siti alisema ndiyo, mwalimu, asante, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya maktaba mpaka kengele ilipolia.

Jumamosi ile alizungumza vizuri. Niseme ukweli, alizungumza vizuri sana. Alisimama wima, akasema kila kitu kiwe na mahali pamoja tu na kisilale kwingine hata kwa dakika tano. Akasema begi lipangwe jioni kukiwa na mwanga na akili haijachoka. Akasema usitunze kitu ndani ya kitu kingine, kwa maana utakumbuka umekitunza, ila hutakumbuka wapi. Akasema ukisikia tarehe iandike hapohapo, usiitike wito wa mtu kabla hujaiandika, hata akiwa rafiki yako. Hinal, aliyekuwa amekaa na wa darasa lake, alicheka kidogo akidhani anataniwa. Watoto wa kidato cha kwanza waliandika. Mwalimu Melkiori alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi, na mama yake, mstari wa tatu, alikuwa amevaa baibui lake jipya na anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Baada ya kikao Harshida alimkumbatia Najma, akamwambia amezaa mtoto wa mfano, amtafutie na yeye dawa ya kumpa Hinal, chumba chake hakina pa kukanyaga. Akauliza mtoto amejifunza kwa nani mambo haya.

Najma alitabasamu. "Kwangu hakuchukua," alisema. "Mimi si ndiye niliyepoteza kadi ya baba yake."

Alilisema kama mtu anavyosema mimi ni mzaliwa wa Tanga, au mimi sili pweza. Hakuwa anatafuta kuonewa huruma. Lilikuwa limeshakuwa sehemu ya habari zake. Harshida akamshika mkono, akasema mambo ya Mungu haya, dada. Na Siti, aliyekuwa amesimama hatua moja nyuma yao akiwa amekumbatia faili lake, akajua kwamba hawezi kukaa na jambo hili hata siku moja zaidi.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mama alinunua bamia na nyanya njiani, akamsimulia kila muuzaji aliyemfahamu kwamba binti yake amehutubia wazazi. Siti alibeba mfuko wa bamia na faili lake. Walipofika juu mama alivua viatu, akafungua dirisha, akaketi kwenye kochi lilelile, akasema ah, leo moyo wangu umetulia. Siti aliposikia hivyo nusura arudi nyuma.

Akafungua faili. Akaitoa kadi kwenye mfuko wa sita akampa mama yake mkononi, na akabaki amesimama.

Mama alilisoma jina, akaisoma tarehe. Aliigeuza kadi nyuma, akaigeuza mbele. Nje mtu alikuwa anatangaza viatu vya mtumba kwa kipaza sauti.

"Ilikuwa wapi?"

Siti alimweleza. Alieleza dayari, Hinal, daftari la fizikia, na Jumamosi ile alipoiona kadi. Alieleza kwa mpangilio, hili kisha hili, kwa sababu hakujua tena kueleza namna nyingine.

"Kumbe niliirudisha," mama alisema taratibu. "Nilijua niliirudisha. Nikajishuku, nikasema labda kichwa changu." Siti alisubiri kofi, na angelipokea kwa shukrani. Badala yake aliuona uso wa mama yake ukihesabu jambo.

"Jumamosi ile baba yako alikuwa hai."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa hapa. Anasikiliza mpira." Akapapasa kochi pembeni yake kana kwamba pana joto. "Zilikuwa siku ngapi mpaka alipokufa?"

"Ishirini na tano," Siti alijibu. Hakuhitaji kuhesabu. Zilikuwa zimeandikwa.

"Siku ishirini na tano alilala na mimi chumba kimoja akijua ni mimi," mama alisema. "Ulimsikia alivyoniambia. Ulikuwepo. Hata kadi? Hilo ndilo alilokwenda nalo, Siti. Mimi watu wa nje waniseme wanavyotaka, shangazi yako aniseme mpaka achoke. Yeye ungemwambia."

Siti alikuwa ameogopa miezi yote ile kwamba amemuua baba yake. Hili hakuwa ameliwaza hata mara moja, katika kurasa zote za ile dayari. Alipiga magoti, akashika miguu ya mama yake, akasema amsamehe, akalia kama mtoto wa chekechea. Mama hakuiondoa miguu yake, na mkono wake mmoja ukaja juu ya kichwa cha binti yake ukatulia pale. Lakini macho yake yalikuwa mlangoni, na yalikuwa makavu. Siti alielewa kwamba ameutua mzigo mmoja mgongoni mwa mama yake na kumtwisha mwingine, na huu wa pili hakuna wa kuja kuupokea, maana aliyepaswa kuambiwa hayupo.

Baada ya muda mama alijipangusa uso ingawa hapakuwa na chozi, akamrudishia kadi.

"Iweke mahali pake," alisema. "Halafu uje unikatie hizo bamia."

Akaenda jikoni. Siti aliusukuma mlango ukafungwa, na kibao kikajitokeza kwa nyuma, funguo, mkasi, tochi, kitambulisho, na ule mstatili mwekundu uliokuwa mtupu tangu kadi mpya ilipoondolewa Desemba. Aliitundika kadi kwenye msumari wake. Ikaenea sawasawa, haikubaki hata ncha ya rangi. Ilikuwa saa kumi na moja, saa ambayo kule Gerezani Beno alikuwa anafunga karakana. Siti alisimama pale akisubiri kuulizwa kama ubao umejaa, akisikiliza kisu cha mama yake jikoni kikianza kukata bamia bila yeye.